Sabuni Iliyoota Mvi

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu Injinia,

Salamu nyingi, na tafadhali usinipigie simu. Mimi na wewe kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, halafu nasahau nilichotaka kusema. Andika. Tuma kwa barua pepe ya dada wa stationari hapa kona, yeye atapiga picha barua zangu akutumie, na zako ananichapishia, nami nasoma nikiwa nimekaa karakanani kwangu bila mtu wa kunikatiza.

Nina shida. Kazi yako wewe ni kufanya tovuti za watu zionekane mtandaoni. Miaka yote nimewaambia majirani kwamba mdogo wangu ni injinia wa kompyuta, kwa sababu sikujua niielezeje kazi hiyo. Sasa naihitaji. Dada wa stationari amenitengenezea tovuti ya sabuni zangu. Ina picha ya karakana, picha ya miche iliyopangwa, na picha yangu nimenuna. Lakini mtu akitafuta sabuni mtandaoni, mimi simo. Tumeshuka ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka macho yakachoka. Yamo makampuni, zimo nyimbo, yumo hata mtu anayeuza mbwa.

Nataka niwe wa kwanza. Nieleze kama unavyomweleza mtu mzima asiyejua, siyo kama mnavyoongea ninyi kwa ninyi. Na uharakishe. Sitaki maswali.

Dada yako,
Mama Sabuni


Tarehe 14 Februari

Dada,

Shikamoo. Hutaki maswali, wewe uliyemhoji mchumba wangu wa kwanza mpaka akaaga bila kumaliza chai? Haya, siulizi. Ila nashangaa, maana sabuni zako zinaisha kabla hazijakauka. Mteja wa mtandaoni utampa nini?

Kwanza sahau kuwa wa kwanza kwenye neno "sabuni". Hapo wamekaa wenye mifuko mirefu na hawaondoki. Tafuta maneno membamba zaidi. Na kosa wanalofanya wenye tovuti wote, ninaolala na kuamka nikiwakemea, ni kuandika maneno ya muuzaji: bora, asilia, ya kisasa. Hakuna mtu anayetafuta hivyo. Mtu anaandika shida yake, kwa maneno yaleyale anayoyasema jikoni kwake. Jiulize yule unayemtaka anasumbuliwa na nini. Swali lake lifanye kichwa cha ukurasa, na jibu liwe mistari ya mwanzo kabisa. Asipolipata hapo anafunga, na mtambo wa kutafutia unaona kwamba amefunga, unakushusha.

Picha zako ni nzito, ukurasa unafunguka kwa kujikokota. Zipunguze, na kila picha uipe jina la kilichomo. Omba watu wanaokufahamu, mwenye saluni, mwenye dobi, waweke kiungo cha kuja kwako kwenye kurasa zao. Hao ni kama wadhamini. Usinunue wageni wa bandia, na usirudierudie neno moja kama kasuku. Halafu subiri. Ni kazi ya miezi.

Nimejizuia, lakini swali moja ni la kikazi: nani hasa unataka akuone?

Mdogo wako


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu,

Nimefanya yote. Mwenye saluni ameweka kiungo, wa dobi ameweka, hata fundi viatu ambaye ukurasa wake una picha moja tu ya soli. Picha zimepunguzwa. Ile niliyonuna dada wa stationari ameiondoa bila kuniuliza, anasema ilikuwa inafukuza watu.

Nani nataka anione? Wateja. Nani mwingine?

Lakini miezi sina. Lazima ipo njia ya haraka, kila kazi ina njia yake ya haraka ambayo wenyewe hamsemi. Dada wa stationari amesoma mahali kuhusu njia moja na tumeijaribu. Wewe angalia tu kama imeanza kushika.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada,

Nimeangalia. Haikushika, imekushikisha adabu.

Nilifungua tovuti yako nikiwa kazini, mwenzangu amesimama nyuma yangu. Chini ya picha ya miche kulikuwa na eneo jeupe kubwa, tupu. Nikalipitishia mshale, maandishi yakatokea, meupe juu ya weupe. Povu. Povu binti wa Mama Sabuni. Povu rudi. Povu, Povu, Povu, mpaka mwisho wa ukurasa. Mwenzangu akacheka, akasema huu ujanja ni wa kizamani. Mimi sikuweza kucheka. Niliomba ruhusa nikatoka nje.

Mtambo unasoma hata kile ambacho jicho halioni, Dada, na ukikamata maandishi ya kufichwa unaona umedanganywa. Wenye mtambo wamekutoa kabisa. Sasa hivi mtu akitafuta hata jina lenyewe la karakana yako, hupo.

Kumbe tovuti hii si ya sabuni. Ungeniambia. Povu ni mpwa wangu, mimi ndiye niliyempa jina hilo alipokuwa anatambaa kati ya mabeseni na povu mpaka masikioni. Huu mwaka wa pili amebadilisha namba, amefunga kila ukurasa wake, hata kwangu mimi mjomba wake. Tulitangaza redioni. Ukabandika yale makaratasi yenye picha yake na neno ANATAFUTWA, kama mwizi. Ni mtu mzima, alitoka kwa miguu yake na begi lake. Tukimpigia kelele jina lake anazidi kwenda mbali. Na hakuna mtu anayekaa kwenye simu akajitafuta mwenyewe kwa jina la nyumbani.

Nimeyafuta yale maandishi na nimeomba ukurasa ukaguliwe upya. Acha njia za haraka.

Mdogo wako


Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu,

Ndiyo, ni yeye. Umefurahi?

Usinikemee, nina wa kunikemea wa kutosha. Nilikuficha kwa sababu ungesema yaleyale uliyosema alipoondoka, kwamba nimuache akae mbali nami apumzike. Sasa sikiliza. Uliandika kwamba mtu hutafuta shida yake kwa maneno ya jikoni kwake. Barua yako hiyo imechakaa kwa kukunjwa.

Povu popote alipo anatengeneza sabuni. Hajui kazi nyingine na wala hataki. Na shida yake naijua, kwa sababu ni moja tu. Kuchanganya anajua kuliko mimi, kumimina anajua, kukata anajua. Lakini sabuni yake ikikaa siku mbili inatoka na unga mweupe juu, kama imemwagiwa majivu, na mteja akiiona anasema ni ya zamani. Ile shehena aliyotengeneza peke yake ikarudishwa yote, unakumbuka, ndiyo iliyotuvuruga. Kuuzuia unga ule najua mimi, yeye hajui.

Na wewe umekulia humu. Sabuni ikitoka hivyo tunasemaje? Imeota mvi. Marehemu mama ndiye aliyeanza, hakuna karakana nyingine inayosema hivyo. Niwekee ukurasa mmoja, kichwa chake kiwe: Sabuni yangu imeota mvi, nifanyeje? Siku moja atachoka, ataliandika swali hilo kwenye simu. Atamuuliza nani tena?

Dada yako


Tarehe 24 Machi

Dada,

Tuna chombo kazini kinachoonyesha neno fulani linatafutwa na watu wangapi. Nimeliweka swali lako. Hakuna hata mtu mmoja. Mteja akija na neno la namna hiyo tunamrudisha nyumbani akafikirie tena, tunamwambia anafungua duka jangwani.

Nilianza kukuandikia hivyo. Kisha nikajiona mjinga, maana wewe huhitaji watu, unahitaji mtu. Na neno lisilotafutwa na yeyote halina mshindani. Tovuti imerudishwa tangu jana. Ukurasa wa mvi utakuwa wa kwanza siku hiyohiyo utakapoonekana, bila kumsukuma mtu. Niletee maneno ya kuweka chini ya kichwa.

Lakini jibu swali langu. Umekaa muda wote huo ukisema "akichoka atarudi mwenyewe." Leo umekuwa mtu wa mbiombio, huna miezi. Kuna nini?

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Umeona herufi zangu zimekuwa kubwa kama za chekechea, na mistari inapanda mlima. Nilidhani utagundua mwenyewe, wewe mwenye chombo cha kuona kila kitu.

Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia linazibika kutoka pembeni, naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Haliumi hata kidogo, ndiyo maana sikujua. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kwangu kilichobaki ni kidogo. Aliniuliza kuhusu mama. Nikakumbuka alivyokuwa akipapasa ukuta kwenda uani, tukamcheka kwamba anazeeka vibaya.

Kisha akauliza kama nina mtoto. Nikasema mmoja. Akasema mlete, ugonjwa huu unapita kwenye damu. Akipimwa mapema na akitumia matone ataona mpaka uzeeni. Akisubiri mpaka aone dalili, jicho limeshakwenda. Nenda kapime na wewe, siombi, nakuamuru.

Juzi nilimimina maji ya kostiki, yale makali ya kuchanganyia sabuni, nikidhani ndoo iko hapa, kumbe iko pale. Mkono umeungua mpaka kifundoni. Nilipokuwa nauosha nilikuwa namfikiria yeye, anakoroga kostiki hukohuko aliko, na jicho lake linazibika taratibu na hajui. Sitaki arudi kunisamehe. Nataka aende kwa daktari. Basi.

Lakini kwenye ukurasa usiandike habari za macho. Nimeshawahi kumwambia naumwa sana nikiwa mzima, ili asiondoke. Mara mbili. Akisoma atasema huyu ameanza tena. Andika hivi tu: Sabuni yako ikiota mvi, dawa yake ipo. Piga namba hii uambiwe. Akipiga nitamweleza kwa mdomo wangu.

Dada yako


Tarehe 28 Mei

Dada,

Amekuja.

Wiki zote hizi chombo kilionyesha sifuri, nami nilikuwa nakifungua kabla ya kunywa maji. Leo kuna mtu ameandika: sabuni yangu imeota mvi nifanyeje. Neno kwa neno. Ukurasa wako ukatokea wa kwanza, akaufungua. Niliruka kwenye kiti, ofisi nzima ikanigeukia. Halafu nikaangalia muda aliokaa. Hautoshi hata kuvuta pumzi moja ndefu. Amefunga, na hajarudi.

Nimeusoma ukurasa kwa macho yake. Kuna swali lake, na chini yake kuna mlango umefungwa kwa kufuli. Mimi niliyekuambia jibu liwe mwanzoni ndiye niliyekubali kuuweka hivyo, kwa kukuonea huruma. Nililaani mpaka nikaishiwa.

Kilichonichoma ni kwamba amekutambua, Dada. Kuna nani mwingine anayesema mvi, halafu anakataa kusema dawa yake? Alikuja akakukuta umekaa pale pale alipokuacha, umeikalia siri yako.

Nilipimwa. Mwaka huu sina ugonjwa, nitarudi kupimwa kila mwaka.

Mdogo wako


Tarehe 3 Juni

Mdogo wangu,

Anayeandika ni dada wa stationari, mimi nasema tu. Amelia kidogo, nimemwambia alie akimaliza kuandika.

Barua yako nilisomewa mara tatu. Mara ya kwanza nilikutukana, na dada huyu ni shahidi. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mwanangu, na mimi nikamwambia piga simu. Ee Mungu wangu. Nilikuwa na kitu kimoja cha kumpa nikakibana kwapani.

Futa yote. Weka haya, na usiyapambe:

Sabuni yangu imeota mvi, nifanyeje? Mvi ni hewa. Hewa ikigusa sabuni mbichi inaota unga. Ukimaliza kumimina kwenye kalibu, palepale, tandaza karatasi ya nailoni juu ya rojo lenyewe, ilale kabisa, uisawazishe polepole mpaka pasibaki hata kipovu cha hewa chini yake. Ndipo ufunike blanketi. Blanketi peke yake halizuii mvi, linaweka joto tu. Usifunue mpaka sabuni igande na ipoe. Mwanangu aliona blanketi miaka yote. Nailoni iliyo chini yake hakuiona, kwa sababu kila tukimaliza kumimina nilikuwa namtuma dukani kununua mifuko ya karatasi. Mkono wake hauna kasoro na haukuwahi kuwa nayo. Kama mama yako amepata presha ya macho, nenda kapimwe wiki hii, hata kama unaona vizuri. Bibi yako alikuwa nayo, mimi ninayo. Huhitaji kuniambia umekwenda.

Habari ya macho ibaki kwenye aya hiyohiyo ya jibu, isishushwe chini ya picha, ulisema watu hawafiki chini. Na namba ya simu itoe. Sitaki aone ndoano.

Kama wauza sabuni wote wa dunia watajua, wajue.

Dada yako


Tarehe 5 Agosti

Dada,

Sijui nianzeje, maana ningekuwa namwandikia mteja hii ingekuwa barua ya pongezi.

Ukurasa wako umesambaa. Mtengeneza sabuni mmoja aliuona, akautuma kwenye kundi lao, wa kundi hilo wakautuma kwenye makundi mengine. Wanaufungua mamia, wanakaa, wanausoma mpaka chini. Wenye tovuti kubwa wameweka viungo vya kuja kwako bila kuombwa. Na tangu wiki iliyopita ukitafuta sabuni, neno tupu, uko ukurasa wa kwanza. Ulichokiomba Februari umekipata.

Na hapo ndipo tulipoumia. Wote wanaandika mvi. Sabuni imeota mvi, mvi za sabuni, dawa ya mvi. Neno la mama limekuwa la watu. Zamani angekuja mmoja ningejua ni yeye. Sasa wanakuja kutoka kila mji na siwezi kumtofautisha. Huenda ameshausoma mara kumi, huenda hakurudi tena tangu siku ile. Nimekaa mbele ya orodha ya wageni kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, na soko nimelijaza mwenyewe.

Nisamehe. Sina ujanja mwingine.

Mdogo wako


Tarehe 19 Agosti

Mdogo wangu,

Huna cha kusamehewa. Waambie wanaotuma oda kwamba nimefunga. Simimini tena, mabeseni nimeyapindua ukutani.

Dada huyu ananisomea maoni ya watu kila akifunga duka lake. Asante mama, ubarikiwe mama, nimejaribu imekubali. Nasikiliza kila moja kama kuna sauti yake ndani. Mmoja amesema nailoni inaacha mikunjo juu ya sabuni. Nilimwambia dada asome tena, polepole, nikafikiri Povu angelalamika hivyohivyo. Ni mwanamume wa mji mwingine, ametaja mpaka watoto wake.

Kwa jicho la kulia sasa naona mwanga wa dirisha tu. Nimechoka, mdogo wangu. Usiniandikie mpaka uwe na neno.

Dada yako


Tarehe 11 Oktoba

Mama,

Nimeandika kwa herufi kubwa, kisha nikafikiri huenda hata hizo zimechelewa. Anayekusomea naomba asome taratibu.

Mara ya kwanza niliona namba ya simu, nikaitupa simu kitandani. Nilisema mama ni yuleyule. Mara ya pili sikutafuta mimi. Mteja wangu alikuja ananicheka, akasema acha kuniuzia sabuni za vikongwe, kuna mama mtandaoni amesema kila kitu. Akanisomea mbele ya watu. Aliposema mvi nilijua. Aliposema nailoni nilikaa chini. Mifuko ya karatasi, Mama! Tulikuwa nayo imejaa mpaka juu ya kabati, nikawa najiuliza huyu mama ananunulia nani. Nilicheka mpaka nikalia, na nikakuchukia upya, maana miaka yote hiyo nilikuwa nauangalia mkono wangu kama una laana.

Akafika kwenye macho. Nikamwambia aache, nikasema ameanza tena magonjwa yake. Nilikaa na hasira hiyo wiki nzima. Lakini nakujua. Ugonjwa wa uongo ungeweza kuusema, ulishausema. Nailoni usingeitoa kwa ajili ya uongo.

Nilikwenda. Limeanza, jicho la kushoto, kipande kidogo cha pembeni ambacho mwenyewe sikujua sikioni. Daktari amesema nimewahi. Natia matone asubuhi na jioni, na alarmu ya simu inanikumbusha. Nilimuuliza kuhusu wewe, akaniuliza kama una mtu wa kukushika mkono.

Mjomba nimempigia leo, ameniambia umeyapindua mabeseni, akanipa anwani ya dada wa stationari. Sijui kama narudi. Bado nina maneno ya kukwambia na mengine ni makali. Lakini Jumamosi nakuja, yageuze hayo mabeseni. Nitapima mimi na kostiki nitashika mimi, wewe utatandaza nailoni kwa mikono, hiyo haihitaji macho.

Na tukimaliza kumimina, usinitume dukani.

Povu